Kwa Nini Orodha Imejipanga Upya? Faharasa na Mpangilio wa Data

Tuseme ofisi ya uvuvi Tanga inaandika samaki wanaoshushwa Sahare, Tongoni na Kigombe katika jedwali moja la MySQL, programu ya kuhifadhi data, liitwalo mavuno. Kwa miezi kadhaa orodha imekuwa ikitoka kwa kufuata namba za rekodi. Fundi anaweka faharasa (index), yaani orodha ya pembeni iliyopangwa, kwenye safu (column) ya diko ili utafutaji uende haraka. Kesho yake Kigombe yote iko juu, kisha Sahare, kisha Tongoni, na karani anadhani data imeharibika.

Data ni nzima. Swali lenyewe linalotoa orodha, SELECT namba, diko FROM mavuno, halikutaja mpangilio wowote. InnoDB, hifadhi ya kawaida ya MySQL, hulaza rekodi kwa ufunguo mkuu (primary key, safu inayotambulisha kila rekodi), hapa namba, ndiyo maana zamani zilitoka hivyo. Kila faharasa ya pembeni nayo hubeba ufunguo huo. Kwa hiyo faharasa ya diko ina vyote viwili vilivyoombwa, tena ni nyembamba kuliko jedwali zima. Mashine huisoma hiyo, na majibu yanafuata alfabeti ya madiko.

Kwenye PostgreSQL, programu nyingine ya aina hiyo, hata faharasa haihitajiki ili mpangilio ubadilike: ukisahihisha kilo kwa UPDATE, toleo jipya la rekodi huandikwa, mara nyingi mahali pengine, na rekodi ya juzi yaweza kuibukia mwisho.

Dawa ni ORDER BY, agizo la kupanga majibu. Bila hiyo SQL, lugha ya maswali haya, haiahidi mpangilio wowote, hata kama orodha imenyooka mwaka mzima. Wala usiishie ORDER BY tarehe. Siku moja ina rekodi nyingi; ukigawa kurasa kwa LIMIT 20 (rekodi ishirini kila ukurasa), nyingine zinaweza kujirudia ukurasa wa pili na nyingine usizione kabisa. Andika ORDER BY tarehe, namba.

Hapo ndipo faharasa inapofaa kweli. Iunde kwa safu tatu, kwa mfuatano huu: diko, tarehe, namba. Ukiuliza WHERE diko = 'Tongoni' ORDER BY tarehe, namba, rekodi zinasomwa zikiwa zimekwisha kupangwa. Ukiondoa sharti la diko, msaada huo unapotea, kwa kuwa tarehe zimepangwa ndani ya kila diko tu. Kwenye MySQL, tanguliza EXPLAIN mbele ya swali, ikueleze litakavyotekelezwa: ukiona "Using filesort", mashine inapanga yenyewe. Kwa rekodi mia si neno. Kwa milioni utasubiri.

Na kama kilo zimehifadhiwa kama maandishi, 100 itatangulia 25. Hilo faharasa haiwezi kulitibu; badilisha safu iwe DECIMAL, aina ya namba.