Alama kupanda si nyumba kutengemaa

Imetoka nyingine tena. Ripoti yenye jalada la rangi, na ndani yake mistari miwili: mwanzo wa mradi wastani wa alama za wenzi, za kuridhika na uhusiano wao, ulikuwa 12, mwisho ni 13 na kitu, basi "mahusiano kati ya wazazi yameboreka". Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunazisoma ripoti za namna hii kila msimu, Goma vilevile, na watu wenye akili zao wanapiga makofi. Kabla sijapiga yangu nina swali moja: ni akina nani waliojibu mara ya pili?

Tufanye hesabu ndogo. Una jozi 100 za wazazi na kipimo cha CSI-4 cha kuridhika na uhusiano, maswali manne, jumla kuanzia 0 hadi 21. Duru ya kwanza ya kuhoji wastani ni 12. Baada ya mwaka jozi 20 hazipatikani, na ndizo zilizokuwa chini, wastani wao 7. Zimebaki 80. Ukirudi kwenye majibu yao ya duru ya kwanza utakuta wastani wao ulikuwa 13.25 tangu siku hiyo. Sasa tuseme hizo 80 hazikubadilika hata chembe, wanagombana vilevile na kupatana vilevile. Ripoti itaandika "kutoka 12 hadi 13.25". Hakuna nyumba iliyosogea. Walioumia wametoka kwenye jedwali, basi.

Na kosa hili si letu peke yetu. Kwa miaka mingi vitabu vilichora furaha ya ndoa kama herufi U: inashuka watoto wakiwa wadogo, inapanda wakishaondoka nyumbani. Mchoro ule ulitokana sana na kuwahoji watu wa umri mbalimbali kwa wakati mmoja. Walipofuatwa watu walewale, kama walivyofanya Vaillant na Vaillant (1993) kwa miaka 40, na VanLaningham na wenzake (2001) kwa duru tano, ule mpando wa mwisho haukuonekana. Wazee waliosema wana furaha ni wale ambao ndoa zao hazikufia njiani.

Kwa hiyo kabla ya takwimu kuna kazi ya kutafuta watu. Siku ya kwanza chukua namba zote za simu za kila mzazi, Airtel, Vodacom na Orange, maana laini hubadilika kama viatu. Kisha chukua namba za watu watatu wasiokaa nao: dada wa mke, ndugu wa mume, mtu wa kanisani au msikitini. Duru ya pili, asiyepatikana aandikiwe sababu: wameachana, kasafiri kikazi, kakimbia vita, kafariki, kakataa. Baba aliye Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu na anatuma pesa kila mwezi hafanani na baba aliyehamia kwa mwanamke mwingine, wala na mama aliyevuka kwenda Burundi na watoto mwanzoni mwa 2025. Lakini kwenye hifadhidata nyingi wote watatu wamelala katika kisanduku kimoja cha "hakupatikana", na mchambuzi anakifuta kwa amri moja ya kompyuta. Hapo ndipo damu inaponichemka.

Kuna balaa jingine linaloingia kimyakimya. Watu wanaipa nyumba kodi, yaani namba ya utambulisho, hawaipi jozi. Anketeri, yaani mhojaji, anarudi mwaka wa pili kwenye nyumba ileile, mume yuleyule, anafungua Kobo, programu ya kujazia fomu, anaona pameandikwa "mke", anamhoji mwanamke aliye mbele yake. Alama inaruka kutoka 6 hadi 17. Hongera, umepima ndoa nyingine! Kodi iwe ya jozi, na fomu ya duru ya pili ije na herufi za kwanza za jina la mwenzi na umri wake zikiwa zimeshajazwa, swali la kwanza likiwa: "Huyu uliyekuwa naye wakati ule ndiye uliye naye leo?" Ikiwa siye, jozi ya zamani imefungwa na sababu yake, jozi mpya inaanza na kodi mpya. Mume wa wake wawili ni jozi mbili, anajibu mara mbili, na siku tofauti. Asipofanya hivyo atakupa jibu la "nyumbani kwangu" kwa jumla, na hilo halina mwenyewe.

Wastani wa mume na mke nao usiuguse. Mume 18, mke 6, wastani 12. Majirani zao 12 na 12, wastani 12. Ukiona nyumba hizo mbili ni sawa, sina la kukusaidia. Weka alama za wote wawili, tumia modeli ya takwimu ya ngazi mbili ambamo kila mmoja ana mstari wake na mistari hiyo inaruhusiwa kufuatana. Programu ya R inafanya, sikai hapo.

Mahojiano ya mume na mke yafanyike kwa wakati mmoja, anketeri wawili, mahali pawili. Nyumba za mbao za mtaa wa Kadutu hazifichi sauti. Mke anayejibu chumbani anasikika sebuleni na kwa jirani pia. Nendeni nje, au mpe tableti aguse mwenyewe. Kwa simu, muombe ataje namba tu: "nne", "mbili", ili aliye karibu asijue swali. Tengeneza pia ukurasa wa maswali ya maji na chanjo wa kurukia mtu akiingia ghafla. Maswali ya ukatili usiwaulize wote wawili wa nyumba moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2001 ulishasema mwanamke mmoja tu kwa kila kaya, na sababu yake ni usalama wake.

Halafu kuna miradi inayochagua wazazi wenye alama za chini, inawapa mafunzo, na kushangilia wakipanda. Ikiwa wastani wa mtaa ni 13, uliowachagua wako 7, na korelesheni (kiasi alama za duru mbili zinavyofuatana) ni 0.7, alama zao zitarudi zenyewe kuelekea wastani: utawakuta karibu na 8.8 hata kama ungekaa nyumbani ukala mboga ya fumbwa. Ndiyo maana kundi la kulinganisha si anasa ya wafadhili.

Je, mtu mmoja amebadilika kweli? Hesabu ya Jacobson na Truax (1991), inayoangalia kama badiliko linazidi kosa la kipimo, inasaidia. Mtawanyiko wa alama (standard deviation) 4.5, uthabiti wa kipimo 0.80: kosa la alama moja ni 2.0, la tofauti ya alama mbili ni 2.85, zidisha kwa 1.96 unapata 5.6. Yaani mtu lazima asogee pointi 6 kati ya 21 ndipo uthubutu kusema jambo. Ile 1.25 ya ripoti haimhusu mtu yeyote. Kwa kundi kubwa inaweza kuwa na maana, sikatai, ila usiitangaze kama ushuhuda wa mama fulani. Mpaka wa 13.5 wa CSI-4, ambao chini yake mtu huhesabiwa kuwa na shida, ulipatikana Marekani. Mimi siutumii kumpa mtu jina lolote hapa.

Duru ziwe tatu au zaidi, na mwezi uleule. Septemba ni sare, madaftari na viatu vya shule. Ukianza Septemba ukamaliza Desemba umepima kalenda. Maneno ya swali yasiguswe katikati, hata yakikukera.

Shaka yangu kubwa iko kwenye wale walioachana. Wengine wanawapa 0, jambo ambalo ni kubuni jibu. Wengine wanawaacha wazi, na tumeona matokeo yake. Mimi huongeza kipimo cha kulea pamoja, kile kifupi cha Feinberg chenye maswali 14, kwa sababu baba na mama wanabaki wazazi hata wakiishi mitaa tofauti, mmoja Panzi, mwingine Bagira. Matokeo huwa yanachanganya: kuna waliotengana ambao alama zao za ulezi hupita za wanaolala kitanda kimoja. Hapo safu ya kwanza, ya uhusiano, ni tupu, ya pili, ya ulezi, imepanda, na mfadhili anataka namba moja. Sina namba moja ya kumpa.