Kikosi cha wakimbiaji wa enzi zote hakichaguliwi kwa saa

Kila tunapokaa makocha kucheza ule mchezo wa kuchagua vikosi vya enzi zote, hakosi mtu wa kufungua simu, kutafuta orodha ya nyakati bora na kusoma majina kuanzia juu kushuka chini. Kwake kazi imekwisha. Mwenye muda mdogo ndiye mkubwa, anayemfuata ni wa pili, na saa haidanganyi. Juzi nimeisikia tena hiyo ya "saa haidanganyi", safari hii kutoka kwa mtu anayelipwa kufundisha watoto kukimbia, nikaona heri niandike.

Ni kweli, saa haidanganyi. Ila saa hujibu swali moja tu: siku ile, kwenye uwanja ule, kwa viatu vile, mtu huyu alitumia muda gani? Mchezo wetu unauliza jambo jingine kabisa. Wachaguzi ni wanne, tunachagua kwa zamu, na aliyekuwa wa mwisho katika raundi ya kwanza ndiye anayeanza ya pili. Kila mmoja anatafuta watu saba: wa mita 800, 1,500, kuruka viunzi na maji, 5,000, 10,000, marathoni na mbio za nyika. Mtu mmoja, mbio moja. Halafu tunawachukulia wote wako katika ubora wao, wamekula chakula kimoja, wamevaa kiatu cha aina moja, wamepita kwenye mchujo na sasa wamesimama kwenye fainali ya ubingwa. Hakuna wawekakasi, wale wanaotangulia mbele kuwavutia wengine mwendo. Hakuna taa zinazokimbia pembeni mwa njia zikimwambia mtu kama amechelewa.

Sasa mchukue Peter Snell wa New Zealand. Februari 1962, mjini Christchurch, alikimbia mita 800 kwa 1:44.3. Ukishuka na orodha yako ya simu utachoka kabla hujalifikia jina lake, maana vijana wengi wa leo wamekwenda chini ya hapo. Lakini Snell alikimbia kwenye nyasi. Nyasi hasa, za uwanja wa michezo. Yeyote aliyewahi kuwapeleka vijana wa shule kwenye kiwanja cha nyasi wiki moja na cha tatani, yaani njia ya mpira, wiki inayofuata anajua miguu inasema nini kwenye kona. Na mtu huyohuyo ana dhahabu ya Olimpiki ya mita 800 ya 1960 na ya 1964, na huko Tokyo 1964 akaongeza ya 1,500. Unamwachaje nje kwa sababu ya tarakimu?

Nyasi zinamgharimu mkimbiaji sekunde ngapi? Sijui, na sijakutana na anayejua. Wapo wanaosema sekunde moja kila mzunguko, wengine wanasema pungufu, na wote wanakisia. Olimpiki yenyewe ilihamia kwenye tatani mwaka 1968 kule Mexico City, kwa hiyo kila muda wa Olimpiki wa kabla ya hapo una mkia wa makisio. Mimi huukubali mkia huo. Kinachonikera ni mtu anayejifanya haupo.

Habari ya viatu sitaikawiza. Kenenisa Bekele alikimbia 5,000 kwa 12:37.35 mwaka 2004 na 10,000 kwa 26:17.53 mwaka 2005. Joshua Cheptegei akazivunja zote mbili mwaka 2020, kwa 12:35.36 na 26:11.00, wakati taa za kasi zimeshafungwa viwanjani na viatu vimeshabadilika. Cheptegei ni mkimbiaji mkubwa na dhahabu zake za Olimpiki hakupewa na kiatu. Lakini ukiniambia sekunde mbili za mita 5,000 zinathibitisha kwamba amempita Bekele, nitakuomba uzime simu tuzungumze.

Jambo linalonichosha zaidi ni hili la kuchanganya mbio za rekodi na mbio za ubingwa. Mbio za rekodi zinapangwa: wawekakasi wanalipwa, hali ya hewa inasubiriwa, wapinzani wanachaguliwa. Katika fainali hupangiwi kitu. Mwendo unaweza kuwa wa kutambaa hadi kengele ya mzunguko wa mwisho, ukabanwa ndani, ukakanyagwa kisigino, na bado ukatakiwa uchomoke. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Tazama kuruka viunzi na maji. Lamecha Girma wa Ethiopia alikimbia 7:52.11 mjini Paris mwaka 2023, akaipita rekodi iliyodumu tangu 2004. Kwa orodha ya simu, huyo ndiye wa kwanza wa enzi zote. Sasa fuatilia fainali zake. Mashindano ya dunia ya Doha 2019, fedha, amepitwa na Conseslus Kipruto kwa sekunde 0.01. Olimpiki ya Tokyo, fedha. Mashindano ya dunia ya Eugene 2022, fedha. Ya Budapest 2023, fedha, tena miezi miwili tu baada ya rekodi yake. Nampenda Girma na ningefurahi kumfundisha, lakini katika fainali ya mchezo wetu nitamweka nyuma ya Ezekiel Kemboi, ambaye hakuwahi kushika rekodi ya dunia na ana dhahabu mbili za Olimpiki, 2004 na 2012, pamoja na ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 2009 hadi 2015. Kemboi alijua mita 300 za mwisho ni mali yake, na wenzake pia walijua. Mkimbiaji anayeogopwa anazo mita chache za bure.

Ron Clarke wa Australia ni kesi ileile, ya zamani zaidi. Mwaka 1965 alitoa karibu sekunde 36 kwenye rekodi yake mwenyewe ya mita 10,000, kutoka 28:15.6 hadi 27:39.4. Sekunde 36! Lakini medali yake ya Olimpiki ni moja, shaba ya 1964.

Mita 1,500 ndipo tunapogombana hadi chai inapoa. Hicham El Guerrouj wa Morocco ana 3:26.00 ya mwaka 1998, muda uliodumu zaidi ya robo karne, ana ubingwa wa dunia mara nne, na mwaka 2004 kule Athens alichukua 1,500 na 5,000 pamoja. Nani atabisha? Sibishi, ndiye wa kwanza kwenye mbio hizo. Hoja yangu ni nani wa pili, maana mkiwa wanne kuna watatu watakaomkosa. Hapo mimi humtaja Filbert Bayi wa Tanzania, na watu hudhani ni uzalendo.

Turudi Christchurch, Februari 1974, fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi, kijana wa Karatu, anatoka mbele tangu bastola inalia. Hana mwekakasi wala hasubiri kengele. Kitabuni anayeongoza 1,500 toka mwanzo anajiua, kwa sababu anakata upepo kwa niaba ya wengine na hawaoni walio nyuma. Mzunguko wa kwanza wanamwachia, kwa imani kwamba atarudi. Wa pili bado yuko mbali. John Walker wa New Zealand anaanza kumfuata kwa nguvu zote na anakaribia kwenye sehemu iliyonyooka ya mwisho, lakini utepe unawahi. Bayi 3:32.2, rekodi ya dunia. Walker wa pili kwa 3:32.5, naye amekwenda chini ya rekodi ya zamani ya 3:33.1. Ben Jipcho wa Kenya ni wa tatu. Rekodi ya dunia imevunjwa ndani ya fainali ya ubingwa, na aliyeivunja amekata upepo mwenyewe kwa mizunguko mitatu na robo tatu. Kwa sheria za mchezo wetu, zisizo na wawekakasi, ushahidi huo una uzito kuliko nyakati nyingi zilizo juu yake kwenye orodha.

"Lakini hana dhahabu ya Olimpiki." Ndiyo, hana. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilisusia Montreal kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand kuzuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Walker alishinda 1,500 kwa 3:39.17 bila Bayi uwanjani. Bayi alirudi Moscow 1980 akachukua fedha ya kuruka viunzi na maji. Kwa hiyo anayehesabu medali naye ana tundu kwenye gunia lake, sawa na anayesoma nyakati. Kuna wakimbiaji ambao medali zao zilizuiwa na mawaziri.

Mimi hutumia pengo: mtu huyu aliwaacha wenzake wa wakati wake kwa kiasi gani? Kip Keino alimshinda Jim Ryun kwa karibu sekunde tatu kwenye 1,500 ya Mexico 1968. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Tokyo 1964 kwa zaidi ya dakika nne. Njia hii nayo ina kasoro na sitaificha. Pengo linategemea nani alikuwepo. Mexico iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na Ryun hakuwa mtu wa milimani. Paavo Nurmi alikusanya dhahabu tisa za Olimpiki miaka ya 1920, enzi ambazo Wakalenjin, Waoromo na Wamorocco hawakuwa kwenye mstari wa kuanzia. Angewaacha kwa pengo lile? Sina jibu, na Nurmi nampandisha na kumshusha kila mwaka. Kuna na kivuli cha dawa: kipimo cha EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, kiliingia Olimpiki mwaka 2000, kwa hiyo muongo mzima uliotangulia tunausoma gizani, walio safi wakiwa wamechanganywa na wasio safi.

Halafu kuna zamu, ambayo watu wa orodha hawaifikirii kabisa. Swali la kila raundi ni nikimwacha huyu sasa, zamu ikirudi kwangu nitabaki na nani? Ndiyo maana situmii nafasi ya mapema kwa kuruka viunzi na maji. Wakenya walishinda kila dhahabu ya Olimpiki ya mbio hizo kuanzia 1984 hadi 2016. Kemboi akichukuliwa yupo Moses Kiptanui, bingwa wa dunia mara tatu na mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika nane. Chungu hicho hakiishi. Mita 800 ni tofauti. Fainali ya London 2012, David Rudisha aliongoza mwanzo hadi mwisho kwa 1:40.91, na aliyekuwa wa mwisho, wa nane, alikimbia 1:43.77, muda ambao ungeshinda fainali za 2000, 2004 na 2008. Namjua mmoja tu aliyewahi kuifanyia fainali hivyo.

Hata hivyo wa kwanza kabisa kwangu ni Bekele, na sababu ni nyika. Ana mataji 11 ya dunia ya wakubwa, mbio fupi na ndefu pamoja, wakati Paul Tergat na John Ngugi, majabali wenyewe, wana matano kila mmoja. Tena Bekele anakupa nafasi ya kusubiri: wengine wakimaliza watu wa 10,000 unamhamishia huko, na hakuna anayejua utamweka wapi hadi raundi ya mwisho. Eliud Kipchoge ni wa raundi ya pili. Wanaomkumbuka kwa marathoni tu wasahau kidogo barabara waitazame fainali ya 5,000 ya mashindano ya dunia ya Paris 2003, ambapo akiwa na miaka 18 alimpita El Guerrouj kwa sekunde 0.04, Bekele akiwa wa tatu. Kelvin Kiptum, na 2:00:35 yake ya Chicago, alikimbia marathoni tatu tu kabla ajali haijamchukua Februari 2024. Kumpanga naona uzito, na wenzangu nao huona uzito.

Kwa wanawake raundi ya kwanza haina mjadala: Faith Kipyegon, dhahabu tatu za Olimpiki mfululizo katika 1,500, na rekodi juu yake. Ni mahali pachache ambapo saa, medali na pengo vinasema jina moja.

Raundi ya mwisho, ya viunzi na maji, ninamchukua Henry Rono, na kila mara wananiuliza kwa nini. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: 5,000 kwa 13:08.4, viunzi na maji kwa 8:05.4, 10,000 kwa 27:22.5 na 3,000 kwa 7:32.1. Ile ya viunzi ilidumu hadi 1989. Hana Olimpiki hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia ya 1976 na ya 1980. Orodha ya nyakati imemzika chini, orodha ya medali haimjui, na ndiyo maana zamu ya mwisho ikinifikia bado namkuta pale.