Nyuso za Saa za Kifahari: Yasemwayo Mtaani na Yaliyo Kweli

Mzee mmoja wa Ujiji aliniletea saa ya mkononi aliyotumiwa na mwanawe kutoka ughaibuni, akiwa ameifunga kwenye leso kwa sababu vijana wa sokoni walimwambia kuwa ni feki: namba nne imeandikwa kwa vijiti vinne, IIII, badala ya IV tunayofundishwa shuleni. Nilifungua mfuniko wa nyuma, nikaikagua mashine, nikamwambia, "Mzee wangu, ivae bila wasiwasi."

Dhana hiyo imewavunja moyo wengi, nami huisikia hapa Kigoma kila mara. Ukweli ni kwamba IIII ni desturi ya karne nyingi ya mafundi saa wa Ulaya, na kampuni ya Cartier huifuata hadi leo. Ukiutazama uso wa namna hiyo kwa makini, utaona kwamba namba nne za mwanzo zina vijiti vitupu, nne zinazofuata zina V, na nne za mwisho zina X, hivyo uso wote unakaa kwa mizani. Kwa upande mwingine, saa ya mnara wa Bunge la London ina IV, kwa hiyo hakuna iliyokosewa. Katika saa nyingi za Cartier, jina la kampuni hufichwa ndani ya mguu mmoja wa VII au X, kwa herufi ndogo kiasi cha kuhitaji lenzi, na asiyejua hudhani ni doa.

Wapo wanaoamini kwamba saa yenye uso wa ajabu ni ghali kwa kuwa inashika majira vizuri zaidi. Sivyo. Saa ya kawaida ya betri hupotea kama sekunde 15 kwa mwezi, ilhali saa ya Uswisi ya springi, yenye cheti cha usahihi, huruhusiwa kuchelewa hadi sekunde 4 au kuwahi hadi sekunde 6 kwa siku moja. Kinacholipiwa ni kazi ya mikono. Uso wa enameli ni unga wa kioo unaochomwa tanuruni kwa joto la nyuzi 800 hivi, tena na tena, na kila unapochomwa unaweza kupasuka ukatupwa.

Wengine hushikilia kwamba uso wa saa uliokatwa kwenye kimondo, yaani jiwe lililoanguka kutoka angani, ni bati lililochorwa. Vimondo vinavyotumika ni vya chuma na nikeli, kama kile cha Gibeon nchini Namibia, ambavyo vilipoa taratibu kwa mamilioni ya miaka hadi madini yake yakajitenga kwa mistari inayokatana. Fundi hukata kipande chembamba, hukisugua, kisha hukitia asidi, na hapo mistari hujitokeza yenyewe, ndiyo maana hakuna nyuso mbili zinazofanana. Kimondo chetu cha Mbozi, chenye uzito wa tani 16 hivi, nacho ni cha chuma, ila ni urithi unaolindwa. Jiwe la kijani lenye mawimbi, malakaiti, ambalo Rolex imewahi kulitumia, wengi hulidhania plastiki. Ni madini ya shaba, na hupatikana kwa wingi Katanga, ng'ambo ya ziwa hili hili.

Saa ya kampuni ya Franck Muller iitwayo Crazy Hours, iliyotoka mwaka 2003, ina namba zilizopangwa ovyo, 8 ikiwa juu kabisa, na watu husema haisomeki. Inasomeka, kwa kuwa kila saa inapotimia mshale mfupi huruka nafasi tano hadi kwenye namba sahihi. Sisi ambao mshale ukiwa kwenye 7 tunasema saa moja, hatuna sababu ya kuiogopa.

Dhana ninayoijali zaidi ni ile ya uso wenye picha ya mwezi inayofuata mwezi wa angani, kwamba ni pambo tu. Mwezi ule huendeshwa na gurudumu, kwa kawaida la meno 59, linalohesabu siku 29 na nusu kwa kila mwezi, kwa kuwa huzunguka mara moja kwa miezi miwili, wakati mwezi wa angani huchukua siku 29, saa 12 na dakika 44. Tofauti hiyo hujilimbikiza hadi siku nzima baada ya miaka 2 na miezi 7 hivi. Gurudumu la meno 135 hufikia kosa hilo baada ya miaka 122. Kwa mvuvi wa dagaa, anayetegemea usiku wa giza ili taa zake zivute samaki, hesabu hiyo ina maana halisi.

Hata hivyo, hesabu hulingana na anga letu, umbo halilingani. Mwezi wa saa hizo hujitokeza kutoka kushoto na kujaa kama unavyoonekana Geneva, umesimama wima. Hapa Kigoma, karibu na ikweta, mwezi mchanga huonekana umelala juu ya milima ya Kongo kama mtumbwi.