Dhana potofu kuhusu app za simu za polisi

Dhana: Kiolesura (yaani skrini na vitufe vya app) kinachonyumbulika ni kile kinachomwachia askari apange skrini apendavyo.

Kwenye app ya muziki, apange tu. Simu ya doria ni kitu kingine: huenda ikapokewa na zamu inayoingia, na siku askari akijeruhiwa, mwenzake ndiye atakayeikamata na kuomba msaada, bila nafasi ya kutafuta kitufe kimewekwa wapi. Kwa hiyo kitufe cha dharura hakihami. Kinakaa palepale kwenye kila ukurasa, simu ikiwa wima au imelazwa.

Vinavyopaswa kunyumbulika ni vingine: ukubwa wa herufi, mwanga, na taarifa zinazotangulia kulingana na kazi ya mtu. Trafiki anayekagua leseni barabarani hana haja ya kufungua app akutane na majalada ya mpelelezi. Mwaka 2018, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha matokeo ya mahojiano na watu 193 wa huduma za dharura, polisi wakiwamo. Ujumbe mmoja uliotoka humo ni kwamba kifaa cha aina moja hakiwafai wote.

Dhana: Swali la “Una uhakika?” huzuia makosa.

Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote, pengine kwa sababu kuweka swali hilo ni kazi ya dakika tano. Asubuhi ya tarehe 13 Januari 2018, mfanyakazi wa idara ya dharura ya Hawaii alituma kwenye simu za jimbo zima tahadhari ya kombora, wakati wenzake wakiwa kwenye zoezi. Mfumo ulimuuliza kama ana uhakika. Akabofya ndiyo. Uchunguzi wa tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ulieleza kwamba yeye aliamini shambulio ni la kweli. Sasa mtu wa namna hiyo angejibu nini kingine? Swali lenyewe lilikuwa na maneno yaleyale, liwe jaribio au tahadhari halisi. Ujumbe wa kukanusha haukuwa umeandaliwa, na dakika 38 zikapita kabla haujafika kwenye simu za watu.

Kwa app ya polisi, kinachosaidia ni skrini ya mazoezi isiyofanana hata kidogo na ya kazi, kitufe cha kushikilia kwa sekunde kadhaa badala ya kugusa mara moja, na sentensi inayosema kitakachotokea: “Askari wote wa kanda wataitwa hapa ulipo.” Halafu iwepo njia ya wazi ya kufuta ombi hilo.

Dhana: Vitufe vikubwa ni vya wazee.

Google hupendekeza eneo la kugusa la takribani milimita 9. Hicho ni kipimo cha matumizi ya kawaida. Aliyetoka kukimbiza mtu, mkono ukitetemeka, au aliyevaa glavu, anahitaji zaidi. Matone ya mvua nayo huweza kuichanganya skrini. Na tafadhali, nyekundu kwa anayetafutwa na kijani kwa asiye na kosa, bila neno lolote, haitoshi: miongoni mwa wanaume wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, kama mmoja kati ya 12 ana shida ya kutofautisha rangi.

Usiku, skrini nyeupe humulika uso wa askari aliyejibanza gizani. Mbunifu aliyekaa ofisini ni rahisi kulisahau hilo.

Dhana: Mtandao upo, app iulize seva (kompyuta kuu inayotunza taarifa) kila kitu.

Marekani iliamua mwaka 2012 kuanzisha FirstNet, mtandao wa simu wa huduma za dharura, lakini ukishuka chini ya jengo la zege mawimbi hukatika vilevile. Maelezo yahifadhiwe kwanza simuni, na skrini iseme wazi: “Imehifadhiwa hapa, haijafika kituoni.”

Hatari zaidi ni taarifa iliyochacha. App ikionyesha kwamba gari limeibwa bila kusema taarifa hiyo ilipatikana lini, askari anaweza kumwelekezea bunduki mwenye gari aliyerudishiwa mali yake asubuhi hiyohiyo. Saa ya taarifa iandikwe kando ya neno “limeibwa”, kwa herufi za ukubwa uleule.