Ukifakamia Usiku, Tazama Ulivyokula Mchana

Watu wengi wanaofika kliniki kwetu kwa sababu ya kufakamia vitafunwa huanza kwa kujishtaki. "Sina msimamo." "Mimi ni mlafi tu." "Nikifungua pakiti siwezi kuacha." Wanachoomba ni mbinu ya kujizuia zaidi. Sisi tunawauliza jambo jingine: jana, tangu ulipoamka mpaka jua linazama, ulikula nini?

Majibu yanafanana kuliko mtu anavyotarajia. Asubuhi ni kahawa tupu. Mchana ni tunda, au saladi kidogo, kwa kuwa "najitahidi kupunguza." Kufika saa kumi jioni kichwa kinamgonga, kila mtu anamuudhi, lakini anajipongeza kwamba siku imekwenda vizuri. Saa mbili usiku anafungua pakiti ya biskuti ale mbili tu. Anazila amesimama, mlango wa kabati ukiwa wazi. Mbili zinakuwa sita. Pakiti inaisha, mkono unatafuta nyingine, na kwa wakati huo hata utamu hausikii tena. Anatafuna ili amalize. Baadaye tumbo limejaa hadi linauma, anaficha maganda chini kabisa ya pipa la taka, anaapa kwamba kesho hatagusa kitu mpaka mchana. Kwa kiapo hicho ameshaandaa usiku mwingine kama huo.

Kwa wengi wa wanaokuja kwetu, tatizo la usiku limetengenezwa mchana. Simaanishi kila mtu, na nitaeleza sababu nyingine, lakini ningetaka msomaji aanze na hii kwa sababu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote.

Njaa ni kazi ya mwili, haina uhusiano na tabia njema au mbaya. Tumbo linapokaa tupu hutoa homoni iitwayo ghrelini, ambayo huuambia ubongo utafute chakula. Unapokula, utumbo nao hutoa homoni za kuleta shibe, na ujumbe wake huchukua muda kukamilika, dakika kumi na tano au ishirini hivi. Kuna pia leptini, inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kama akiba ipo. Ukijinyima kwa siku kadhaa inashuka. Ubongo haujui kwamba umeamua mwenyewe kula kidogo ili nguo zikukae vizuri. Unachoona ni kwamba chakula kimeadimika, na unajibu kwa kuongeza uchu, hasa wa vitu vyenye sukari na mafuta mengi.

Jambo hili lilionekana waziwazi nchini Marekani mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1944, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua wanaume 36 waliojitolea, wenye afya ya mwili na akili, akataka kujua njaa humfanyia nini binadamu. Kwa miezi sita walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea, mpaka wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Hawa walikuwa vijana ambao kabla ya hapo hawakuwa na shida yoyote na chakula. Ndani ya miezi hiyo waliota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi kwa saa nyingi, wakalamba sahani. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula mpaka wakaugua na bado wakasema hawajashiba, na kwa wengine hali hiyo iliendelea kwa miezi. Msimamo walikuwa nao wa kutosha, kwani walivumilia miezi sita. Kilichowapeleka kwenye kufakamia ni kunyimwa.

Upungufu wa chakula, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine iko katika sheria ambazo mtu anajiwekea kichwani: chokoleti marufuku, mkate marufuku, baada ya saa kumi na mbili jioni marufuku. Mwaka 1975, Peter Herman na Deborah Mack waliwapa wanafunzi wa kike maziwa mazito yaliyotiwa ladha, kisha wakawaomba waonje aiskrimu na kuipa alama, huku wakipima kimyakimya kila mmoja amekula kiasi gani. Wale wasio na mazoea ya kujinyima walikunywa maziwa, wakashiba, wakala aiskrimu kidogo. Wale wanaojinyima kila siku walifanya kinyume: baada ya maziwa ndipo walipokula aiskrimu nyingi zaidi. Sheria ilikuwa imeshavunjwa, basi maji yameshamwagika, hayazoleki. Bora kula yote leo na kuanza upya kesho. Fikra hiyo, "nimeshaharibu," ndiyo inayogeuza biskuti mbili kuwa pakiti nzima. Ukiisikia ikipita kichwani, itambue. Biskuti ya tatu ni biskuti ya tatu, haijaharibu kitu.

Sasa tuje kwenye kitafunwa chenyewe, kwa sababu si haki kumlaumu mlaji peke yake. Mwaka 2019, Kevin Hall na wenzake katika taasisi za taifa za afya za Marekani waliwalaza watu wazima 20 kituoni kwa wiki nne. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, na kwa wiki mbili vyakula ambavyo havijasindikwa hivyo. Milo ya pande zote mbili ilipangwa iwe na nishati, sukari, mafuta na nyuzinyuzi kwa viwango vinavyolingana, na kila mtu aliruhusiwa kula anachotaka mpaka atosheke. Wakiwa kwenye vyakula vilivyosindikwa walikula kama kilokalori 500 zaidi kwa siku, wakala haraka zaidi, na kwa wiki mbili waliongezeka karibu kilo moja. Wakiwa kwenye vile vingine walipungua kiasi kama hicho. Ni watu walewale, na dhamira yao haikubadilika kati ya wiki ya pili na ya tatu.

Chukua kipande kimoja cha krispi na ukitazame kikiwa mdomoni. Kinavunjika kwa kelele, chumvi inagusa ulimi mara moja, mafuta na wanga vinayeyuka karibu bila kutafunwa, na kabla hujameza vidole viko tena ndani ya pakiti. Mchanganyiko wa mafuta mengi na wanga mwingi mahali pamoja ni nadra katika vyakula vya asili, na mfumo wa ubongo unaohusika na hamu huuitikia kwa nguvu. Hapo inahusika dopamini. Watu huiita kemikali ya raha, lakini kazi yake kubwa ni kukusukuma ukitafute kitu. Ndiyo maana unaweza kuendelea kukitaka chakula ambacho hukifurahii tena. Halafu kuna aina nyingi mezani. Shibe ya ladha moja haizuii hamu ya nyingine, kwa hiyo aliyeshiba kitu cha chumvi anapata nafasi ya kitu kitamu, kisha anarudi kwenye chumvi.

Kukosa usingizi huongeza njaa siku inayofuata. Upweke, uchovu, ugomvi wa nyumbani na kukosa la kufanya navyo humpeleka mtu kabatini, kwa kuwa kula kunatuliza kweli, ijapokuwa kwa dakika chache. Kwa baadhi ya watu hiki ndicho chanzo kikuu, na kwao kupanga milo peke yake hakutatosha.

Kuna wakati jambo hili linakuwa ugonjwa. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuingiza ulaji wa kupindukia katika mwongozo wake kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani nalo linautambua katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili kuu ni kula chakula kingi isivyo kawaida kwa muda mfupi, kwa mfano ndani ya saa mbili, huku ukihisi huwezi kuacha. Mara nyingi mtu hula haraka mno, bila njaa, kwa kujificha, na baadaye anajichukia. Kwa mwongozo huo wa Marekani, ikitokea walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu na inakuumiza moyoni, inahesabiwa kuwa ugonjwa. Huwapata wanawake na wanaume, wanene na wembamba.

Tunaanzia wapi? Kwa kula. Milo mitatu na kitafunwa kimoja au viwili vilivyopangwa, bila kukaa zaidi ya muda wa saa nne hivi ukiwa macho na tumbo tupu. Kila mlo uwe na kitu cha protini na kitu chenye nyuzinyuzi. Siku iliyofuata usiku mbaya ndiyo muhimu kuliko zote: kula kifungua kinywa chako kama kawaida hata kama huna hamu nacho, usifidie. Anayetumia insulini au dawa nyingine za kisukari azungumze kwanza na daktari wake kabla ya kubadili ratiba. Vitafunwa usivipige marufuku. Vimimine kwenye sahani, rudisha pakiti kabatini, kaa chini, ule ukiwa unaona unachokula.

Hofu inayokuja hapo ni moja: "Nikila mchana nitanenepa." Naielewa hofu hiyo na siwezi kumwahidi mtu kwamba mizani itashuka. Matibabu haya hayalengi mizani. Yanalenga kwanza kurudisha utulivu, na mtu aliyetulia anaweza kufanya uamuzi kuhusu afya yake bila kuadhibiwa na kila mlo.

Ukiona miezi inapita na hali ni ileile, tafuta msaada. Fanya haraka zaidi kama unajitapisha, unatumia dawa za kuharisha, unafunga siku nzima kufidia, au unawaza kujidhuru. Tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na tabia ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi, na wengine huanza na mwongozo wa kujisaidia wakisimamiwa na mtaalamu. Dawa zipo kwa baadhi ya wagonjwa, kwa uamuzi wa daktari tu. Kabla ya siku ya miadi andika kwenye daftari saa uliyokula, ulichokula, ulikuwa wapi na ulikuwa unahisi nini. Siku tatu zinatosha. Usichane kurasa za siku mbaya, maana hizo ndizo tutakazozisoma kwanza.