Chicago ya viwanda: yanayosemwa na yaliyokuwa

Dhana: Ng'ombe wa Bi. O'Leary alipiga teke taa, mji ukaungua.

Moto wa Oktoba 1871 ulianzia kwenye banda la Catherine O'Leary au jirani yake, ila uchunguzi haukupata chanzo. Mji ulikuwa wa mbao, hata njia za waenda kwa miguu, na mvua ilikuwa imeadimika kwa miezi. Lakini mama huyu alikuwa mhamiaji kutoka Ireland, muuza maziwa, maskini, nani angemtetea? Halmashauri ya jiji ilimsafisha jina mwaka 1997, miaka 102 baada ya kufa kwake.

Dhana: Wenye fedha walihamia nje ya mji, maskini wakaachiwa katikati.

Nusu yake ni kweli. Waliohama kwa wingi ni makarani na watu wa kipato cha kati, walioweza kulipa tramu senti 5 kwenda na senti 5 kurudi kila siku. Kibarua wa machinjio alipanga palepale penye harufu, ili aende kazini kwa miguu. Na matajiri wakubwa? Marshall Field, mwenye duka kubwa, na George Pullman, mwenye kampuni ya kutengeneza mabehewa ya treni, walikaa mtaa wa Prairie Avenue, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji. Jiji lenyewe lilikuwa linafura: watu wasiofika 300,000 mwaka 1870, karibu milioni 1.1 mwaka 1890.

Dhana: Tajiri aliyewajengea wafanyakazi mji mzuri aliwafanyia hisani.

Hapa ndipo wengi hudanganyika, maana mji wa Pullman, alioanza kuwajengea wafanyakazi wake mwaka 1880 kusini mwa Chicago, ulipendeza kweli: nyumba za matofali, maji ya bomba, bustani, maktaba. Ila nyumba hazikuuzwa. Mfanyakazi alibaki mpangaji wa mwajiri wake, kwa kodi iliyozidi ya mitaa ya jirani. Hata kanisa lilitozwa kodi, nayo ilikuwa kubwa kiasi kwamba jengo lilikaa tupu kwa miaka. Uchumi ulipoanguka 1893, kampuni ilikata mishahara kwa takriban robo. Kodi haikuguswa. Mei 1894 wafanyakazi waligoma, wenzao wa reli wakawaunga mkono, na kufikia kiangazi treni zilikwama sehemu kubwa ya nchi, hadi Rais Cleveland akatuma wanajeshi. Mgomo ulivunjwa. Miaka minne baadaye Mahakama Kuu ya jimbo la Illinois iliamua kwamba kampuni ya kutengeneza mabehewa haina idhini ya kumiliki mji, ikaiamuru iuze nyumba zile.