Ile Fomu ya Utafiti Sio Maombi ya Kazi, na Kura Sio Kunyimwa

Malalamiko yameongezeka sana kwenye dawati letu na mengi yanafanana, kwa hiyo nimeona niandike hapa mara moja kuliko kumjibu kila mtu kivyake kwenye simu. Mtu anajaza dodoso letu, anahojiwa karibu saa nzima, anasubiri wiki mbili tatu halafu anapiga na hasira, mbona hamjaniita kazini? Mwingine anaamini jina lake limekatwa sababu alikiri kwamba aliwahi kufungwa. Mwingine kaambiwa na mtu atoe hela kidogo ili "aingizwe kundi zuri". Naelewa, mtu aliyekaa miaka bila kazi akiona ofisi inamuuliza habari za kazi lazima moyo umpande, ila hapa mambo yamechanganywa na anayeumia ni yeye mwenyewe.

Dodoso letu ni la utafiti wa kupima kama programu za kuwasaidia watu kupata kazi zinasaidia kweli, sio la kuajiri mtu. Nianze na kura, yaani kompyuta kuwagawa watu kwa bahati nasibu, maana ndo inaleta kelele nyingi.

Ukishajaza fomu na kusaini ridhaa, jina lako linatolewa na unabaki namba. Orodha ya namba inafungwa, yaani baada ya hapo hakuna anayeongezwa wala kutolewa, ndipo kompyuta inazigawa, wengine wanaanza programu sasa hivi na wengine wanaingia kundi la kulinganisha ambao wanaendelea kutafuta kazi kwa njia zao za kawaida na huduma zote walizokuwa nazo hazifutwi. Aliyekuhoji hajui utaangukia wapi, mimi pia sijui. Majibu yako kuhusu jela, ugonjwa wa akili, ulemavu, mtoto unayemlea peke yako, hayana mkono kabisa kwenye mgawo huo. Na kama kuna ofisa amemsogeza mtu kwa mlango wa nyuma, kwanza anashtakiwa kinidhamu, pili haimsaidii chochote kwenye hesabu kwa sababu kila mtu anahesabiwa kwenye kundi alilopangiwa na kura hata kama kiti amekalia kingine. Nimeshasema hili mara nyingi sana na nitalisema tena, kuangukia kundi la kulinganisha sio kukataliwa, hakuna mtu aliyekaa akakupima akaona hufai.

Sasa mtu anauliza kwa nini msitusaidie wote tu. Swali la haki kabisa. Kwanza nafasi ni chache kuliko waombaji, na zikiwa chache kura ni ya haki kuliko kujuana. Ila kubwa zaidi ni kwamba hatujui kama programu inasaidia, na anayedhani anajua asome habari ya Marekani miaka ya 1970. Kule kuanzia 1975 walijaribu kuwapa watu kazi yenye usimamizi wa karibu kwa mwaka au mwaka na nusu hivi, watu zaidi ya 6,000 waligawanywa kwa kura, na walengwa walikuwa wa aina nne: akina mama waliokaa muda mrefu kwenye msaada wa serikali, waliotoka jela, waliowahi kutumia dawa za kulevya, na vijana walioacha shule. Akina mama walinufaika kuliko wote na faida ikadumu hata programu ilipoisha. Vijana hawakuonyesha faida ya kueleweka. Programu ni ile ile! Bila kundi la kulinganisha usingeliona hilo, kwa sababu kwenye kila kundi wapo watu wanaopata kazi wenyewe bila msaada wa mtu, na programu ingejichukulia sifa ambayo sio yake, halafu hela ikaendelea kumwagwa pale pale mwaka baada ya mwaka huku vijana wakibaki walivyo.

Kuna kauli nyingine naisikia hata kwa viongozi, kwamba hakuna cha kuchunguza, hawa watu ni wavivu tu au hawana mafunzo. Hapa naomba niwe mkali kidogo. Mwaka 2003 mtafiti Devah Pager alichapisha jaribio la mji wa Milwaukee, Marekani, ambapo vijana waliofanana kila kitu kwenye karatasi walipeleka maombi kwa waajiri 350. Wazungu wasio na rekodi ya jela waliitwa 34% ya maombi yao, wenye rekodi 17%. Weusi wasio na rekodi 14%, wenye rekodi 5%. Yaani kijana mweusi ambaye hajawahi kukanyaga jela aliitwa mara chache kuliko mzungu aliyetoka jela. Niambieni hapo uvivu umeingilia wapi, wote walikuwa wameajiriwa na mtafiti kuomba kazi na wote walijituma sawa.

Na hilo la mafunzo kwanza nalo lina kasoro. Kwa watu wenye magonjwa makali ya akili ilizoeleka kuwapitisha kwanza kwenye karakana na madarasa ya maandalizi, miaka inakwenda, kazi yenyewe haifiki. Miaka ya 1990 watafiti wa Marekani Deborah Becker na Robert Drake wakaja na njia ya kugeuza mambo, mtu anayetaka kazi anatafutiwa kazi ya kweli haraka yenye mshahara wa kawaida, halafu mshauri anaendelea kumshika mkono akiwa humo humo kazini, na mshauri huyo anakaa timu moja na watu wa matibabu. Ukijumlisha majaribio mengi ya kura, zaidi ya nusu ya waliopata huduma hiyo walipata kazi ya ushindani, ukilinganisha na kama robo tu ya waliopata huduma za zamani. Watu wale wale waliokuwa wanaambiwa bado hawajawa tayari.

Wengine wananiuliza mbona mnapiga simu baada ya miaka miwili, mnataka nini tena. Jamani hiyo ndo sehemu muhimu kuliko zote. Mwaka 2018 wachumi Card, Kluve na Weber walikusanya tathmini zaidi ya 200 za programu za ajira kutoka nchi mbalimbali na ikaonekana kwa wastani mwaka wa kwanza faida ni karibu na sifuri, inaanza kuonekana vizuri miaka miwili mitatu baada ya programu kuisha. Addis Ababa, Ethiopia, watafiti walijaribu mambo mawili kwa vijana, nauli ya kwenda kutafuta kazi, na warsha ya kuandika maombi, kujiandaa na usaili na kupimwa ujuzi ili wapewe vyeti. Mwanzoni yote mawili yalionekana kusaidia kupata kazi zenye mikataba. Baada ya miaka minne nauli haikuacha alama, waliopita warsha kipato chao kilikuwa kimepanda. Wangeacha kupiga simu mapema wasingelijua hilo milele. Na waliokosa kazi ndo tunawahitaji zaidi kwenye simu hiyo, sio waliopata tu, msione aibu kupokea.

Kuhusu siri. Misingi tunayoifuata ni ile ya Ripoti ya Belmont ya 1979, ripoti ya Marekani kuhusu maadili ya kufanya utafiti kwa watu, yaani heshima kwa mtu, kumtendea mema bila kumdhuru, na haki, na kwa vitendo maana yake una ruhusa ya kukataa swali lolote, una ruhusa ya kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na bila kupoteza huduma unayopata. Faili la majina linakaa mbali na faili la majibu. Mwajiri haoni majibu yako. Mhojaji akivujisha anaondolewa na suala linapelekwa kwenye vyombo vya sheria. Mhojaji akijaza majibu ya kutunga, na tunawajua kwa sababu tunarudia kuwapigia baadhi ya waliohojiwa kuhakiki, fomu zake zote zinafutwa sio ile moja tu. Kwenye Umoja wa Ulaya taasisi inayokiuka sheria ya taarifa binafsi inaweza kupigwa faini mpaka euro milioni 20 au 4% ya mapato yake ya mwaka duniani kote, yoyote iliyo kubwa, kwa hiyo sio jambo la mchezo.

Na hela. Kuingia kwenye utafiti hakulipiwi, fomu hailipiwi, kura hailipiwi. Hata mawakala binafsi wa ajira, mkataba wa kimataifa wa kazi namba 181 wa 1997 kifungu cha 7 unawakataza kumtoza mfanyakazi ada moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale nchi imeruhusu kwa sababu maalumu. Ukishatoa tayari usinyamaze kwa kuogopa kwamba utaondolewa, kulipa hakukufuti, tunamtafuta aliyepokea. Tunza meseji na muamala wenyewe, usifute hata kama unaona aibu.

Waliobadilisha namba za simu tangu wahojiwe wazilete dawatini, pamoja na jina la ndugu mmoja anayejua mlipo. Waliokuwa kundi la kulinganisha pia, tena nyie hasa.